Je, Mzee Mwenye Shinikizo la Damu Anaruhusiwa Kutoa Figo Yake?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake.

Ama baad. Miongoni mwa masuala mapya ambayo wanachuoni wa fiqhi huyaita nawazili, ni suala la mtu aliye hai kutoa figo yake moja na kumpa mgonjwa ambaye figo zake zote mbili zimekufa. Asili ya suala hili imekwisha kujadiliwa sana, na fat'wa zake zinajulikana. Lakini ndani yake limezaliwa swali jingine ambalo fat'wa za mwanzo hazikulitaja kwa jina lake: mtoaji akiwa ni mtu wa makamo au mzee, na ana ugonjwa wa shinikizo la damu, yaani presha, je, inafaa atoe? Na mwanawe au ndugu yake mgonjwa anaruhusiwa kuipokea figo hiyo?

Swali hili si la kinadharia. Katika jamaa nyingi mgonjwa wa figo ni kijana au mtu wa umri wa kati, na wa kwanza kusema "chukueni yangu" ni mama au baba. Umri wa mzazi kwa kawaida ndio umri ambao presha imekwisha kubisha hodi. Wapo wanaosema mzee akataliwe moja kwa moja kwa kuwa ni mgonjwa. Wapo wanaosema achukuliwe bila ya masuali, kwa kuwa yeye "ameshakula chumvi nyingi" na kijana ndiye mwenye maisha mbele yake. Kauli zote mbili, kama tutakavyoona inshaallah, zimepungukiwa.

SUALA HILI KATIKA HISTORIA YA FIQHI

Wanachuoni wa zamani hawakujua upandikizaji wa figo, lakini hawakuacha kuzungumzia viungo vya mwanadamu. Imepokewa kuwa jicho la Sahaba Qatada bin Nu'man (r.a.) lilitoka mahali pake vitani na Mtume (s.a.w.) akalirudisha. Na Sahaba Arfaja (r.a.) aliyepoteza pua yake aliamrishwa atumie pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kumletea uvundo, ingawa dhahabu kwa asili imeharamishwa kwa wanaume. Kutokana na mapokezi kama haya mafakihi walijadili kurudisha jino lililong'oka, kuunga mfupa kwa mfupa mwingine, na kukata kiungo kilichooza ili mwili uliobaki usalimike. Imam Izzuddin bin Abdis-Salam (aliyefariki mwaka 660 Hijria, sawa na 1262) alilitumia suala hili la mkono uliooza kuonyesha kwamba madhara madogo hubebwa ili kuzuia makubwa.

Lakini walipofika kwenye suala la mtu mzima kukata sehemu ya mwili wake ili ampe mwenzake aliyefikwa na dharura, walisimama. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) katika Al-Majmu' ameeleza kuwa jambo hilo halijuzu, na Ibn Qudama naye alikataza hata mtu kukata nyama ya mwili wake mwenyewe ili aile wakati wa njaa. Sababu yake ni wazi: katika zama zao, kujikata ilikuwa ni kujiua. Jeraha lingeoza, damu isingekatika, na kwa kutaka kumwokoa mmoja wangekufa wawili.

Hali ya mambo ilibadilika tarehe 23 Desemba 1954, pale daktari Joseph Murray na wenzake katika mji wa Boston, Marekani, walipotoa figo ya Ronald Herrick na kumpandikiza pacha wake Richard. Mgonjwa aliishi miaka minane zaidi. Mtoaji aliishi na figo moja hadi mwaka 2010. Murray alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990. Jambo lililokuwa ni maangamizi ya yakini likawa ni matibabu ambayo kwa kawaida watu wawili huingia na wawili hutoka salama.

Kwa kuwa illa ya katazo ilibadilika, maulamaa wengi waliliangalia upya suala hili. Sheikh Jadul-Haq Ali Jadul-Haq, alipokuwa Mufti wa Misri, alitoa fat'wa ya kuruhusu kwa masharti mwaka 1979. Baraza la Wanachuoni Wakubwa wa Saudi Arabia liliruhusu kwa azimio nambari 99 la mwaka 1402 Hijria, sawa na 1982. Baraza la Fiqhi la Rabita mjini Makka lilifuata mwaka 1985, na Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Jidda katika kikao chake cha nne, Februari 1988.

Na uadilifu wa kielimu unatutaka tuseme kwamba wapo wakubwa waliokataa. Miongoni mwao ni Mufti Muhammad Shafi wa Pakistan, Sheikh Muhammad Mutawalli Sha'rawi wa Misri, na Sheikh Muhammad bin Salih al-Uthaymin wa Saudi Arabia. Hoja yao kubwa ni kuwa mwili ni amana ya Mwenyezi Mungu na mtu hana milki nao kiasi cha kuugawa. Hoja hii hata wale walioruhusu hawakuitupa. Wameichukua na kuifanya kuwa msingi wa masharti yao.

MASHARTI NA MAHALI PA SWALI LETU

Ukiyakusanya masharti ya mabaraza hayo kuhusu mtoaji aliye hai, utayaona yanarudi kwenye mambo manne:

1. Mtoaji asipate madhara yanayovuruga maisha yake ya kawaida, kwa sababu ya kanuni isemayo kuwa madhara hayaondolewi kwa madhara mfano wake.

2. Atoe kwa hiari yake, akiwa na akili timamu, bila ya kulazimishwa wala kuuza.

3. Upandikizaji uwe ndiyo njia ya kitabibu inayomfaa mgonjwa aliyefikwa na dharura.

4. Kufaulu kwa kutoa na kupandikiza kuwe ni jambo la kawaida au la ghalibu.

Swali letu limo katika sharti la kwanza. Sheria imesema "asidhurike", lakini haikusema presha ya kiasi gani ndiyo inayodhuru. Hilo ni jambo la kuthibitishwa na wenye ujuzi wake. Hapa tukumbuke kisa kilichopokewa na Abu Daud cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Aliwauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, nao wakamwambia hana kwa kuwa maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari aliwalaumu vikali mno, akabainisha kuwa dawa ya asiyejua ni kuuliza. Maswahaba wale hawakuwa na nia mbaya. Walitoa hukumu juu ya mwili wa mtu bila ya kujua jeraha lake. Basi na tuwasikilize kwanza matabibu.

MATABIBU WANASEMA NINI?

Kila figo ina vichujio vidogo mno vinavyokadiriwa kufika milioni moja. Figo moja ikiondolewa, iliyobaki hukua kidogo na kuongeza kazi, hata baada ya miezi kadhaa mtu mzima mwenye afya huwa na takriban asilimia 65 hadi 70 ya nguvu ya kuchuja aliyokuwa nayo kabla. Hiyo inatosha kwa maisha ya kawaida. Ama mtu akifika miaka arobaini au zaidi, uwezo wa figo huanza kushuka kidogo kidogo, takriban mililita moja kwa dakika kila mwaka. Kwa hiyo mzee anatoa kutoka kwenye ghala iliyokwisha kupungua, na figo yake iliyobaki haikui kama ya kijana.

Shinikizo la damu lina uhusiano wa pande mbili na figo. Presha isiyotibiwa huharibu mishipa midogo ya figo, na figo iliyoharibika huipandisha presha. Aidha, utafiti uliokusanya habari za watoaji wengi ulionyesha kuwa kutoa figo kwenyewe huweza kupandisha presha kwa kama vipimo 5 baada ya miaka kadhaa, zaidi ya ile inayopanda kwa umri tu. Ndiyo maana kwa miaka mingi hospitali zilikuwa zikimkataa kila mwenye presha.

Msimamo huo ulilegea baadaye. Mkutano wa wataalamu uliofanyika Amsterdam mwaka 2004 ulikubali kuwa mtu aliyepita miaka 50, ambaye presha yake inadhibitiwa kwa urahisi na figo zake ni nzima, anaweza kufikiriwa. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2017 ulisema kuwa mwenye presha iliyo chini ya 140 kwa 90, kwa kutumia dawa ya aina moja au mbili, na asiye na dalili ya viungo kuharibika, anaweza kukubaliwa. Mwongozo huo pia uliweka mipaka ya uwezo wa kuchuja: mililita 90 kwa dakika au zaidi ni sawa, baina ya 60 na 89 huangaliwa mtu mmoja mmoja, chini ya 60 asitoe.

Sasa tuangalie takwimu, kwani hizi ndizo zitakazotusaidia katika mizani ya fiqhi.

Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia watoaji 96,217. Ulikadiria kuwa katika umri wote wa mtu, watoaji 90 kati ya 10,000 watafikia figo kufa kabisa. Watu wenye afya kama yao ambao hawakutoa walikuwa 14 kati ya 10,000, na watu wa kawaida wasiopimwa afya zao walikuwa 326. Maana yake ni kwamba kutoa figo kunaongeza hatari, lakini mtoaji aliyechaguliwa vizuri bado yuko salama kuliko mtu wa kawaida mtaani.

Ama kuhusu swali letu hasa, mwaka 2019 ulichapishwa utafiti mwingine wa Marekani juu ya watoaji 24,533 waliokuwa na umri wa miaka 50 na zaidi, waliotoa kati ya mwaka 1999 na 2016. Miongoni mwao 2,265 walikuwa na presha kabla ya kutoa. Baada ya miaka 15, waliofikia figo kufa walikadiriwa kuwa 8 kati ya 1,000 kwa wenye presha, na 2 kati ya 1,000 kwa wasio na presha. Hatari iliongezeka kama mara tatu baada ya kuzingatia tofauti nyinginezo. Lakini katika vifo kwa jumla, haikuonekana tofauti ya maana baina ya makundi mawili.

Kuhusu operesheni yenyewe, takwimu za Marekani zilizotolewa mwaka 2024 zinaonyesha kuwa katika miaka ya 2013 hadi 2022, waliofariki ndani ya siku 90 walikuwa chini ya mmoja katika kila watoaji 10,000, ingawa wanaume na waliokuwa na historia ya presha walikuwa na hatari zaidi.

Na hapa kuna nukta inayowashangaza wengi. Mtu wa miaka 62 mwenye presha ndogo iliyodhibitiwa anaweza kuwa mtoaji salama kuliko kijana wa miaka 25 mwenye presha hiyo hiyo. Presha inayomwanza mtu ujanani ni ishara mbaya, na kijana ana miaka hamsini mbele ambayo figo yake moja itabidi ihimili. Mzee amekwisha kupita umri ambao maradhi mengi ya figo hujitokeza, na kama figo zake bado ni nzima baada ya miaka sitini, huo wenyewe ni ushahidi wa uimara wake. Basi kauli ya kumkataa mzee kwa sababu ya uzee tu haina msingi katika tiba.

KUPIMA KWA MIZANI YA FIQHI

Imam Shatibi (aliyefariki mwaka 790 Hijria, sawa na 1388) katika Al-Muwafaqat amevigawa vitendo vinavyoweza kuleta madhara katika daraja: kinacholeta madhara kwa yakini, kinacholeta kwa nadra, kinacholeta kwa ghalibu, na kinacholeta mara nyingi lakini si ghalibu. Kinacholeta kwa nadra hubaki katika asili yake ya kuruhusiwa pindi maslahi yake ni makubwa, kwa sababu hakuna maslahi katika dunia hii yaliyosafika kabisa na madhara. Kinacholeta kwa yakini au kwa ghalibu huzuiwa.

Ukichukua kipimo hiki, watu wanane kati ya elfu moja kwa miaka 15 ni nadra. Upande wa pili wa mizani yupo mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, kama saa nne kila mara, na ambaye kwa kawaida akipandikizwa figo huishi umri mrefu zaidi na kwa hali bora. Hapa maslahi ni makubwa na madhara ni ya nadra. Inaingia katika maana ya aya ya 32 ya Suratul Maida kuhusu ubora wa kuhuisha nafsi, na katika sifa za wale wanaotanguliza wenzao waliotajwa katika aya ya 9 ya Suratul Hashri.

Lakini takwimu hizo ni za watu waliochujwa. Wale 2,265 hawakuokotwa barabarani. Walikuwa ni wenye presha ndogo, waliopimwa mkojo, moyo na damu, na wengi waliokuwa na presha mbaya walikwisha kukataliwa kabla ya kuingia katika hesabu. Haifai kumchukua mzee ambaye presha yake ni 170 kwa 100, na mkojo wake una protini, kisha tukasema "ni wanane tu kati ya elfu". Huyo madhara yake yamehama kutoka daraja ya nadra kwenda daraja ya ghalibu. Na kwake yeye kanuni ya kifungu cha 25 cha Majalla ya Dola ya Uthmania inasimama wazi: madhara hayaondolewi kwa mfano wake. Kumtoa mtoto kwenye mashine na kumlaza mama kwenye mashine hiyo hiyo si tiba, ni kuhamisha ugonjwa kutoka kitanda hadi kitanda.

Wala haisemwi kuwa ni lazima madhara yawe ya yakini ndipo yazingatiwe. Amr bin al-As (r.a.) katika vita vya Dhatis-Salasil alitayamamu usiku wa baridi kali kwa kuhofia kuangamia, akitegemea aya ya 29 ya Suratun Nisaa, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza. Hofu yenye dalili inatosha kubadilisha hukumu.

JE, UHAI WA MZEE NI MDOGO KULIKO WA KIJANA?

Tumetaja kauli ya "ameshakula chumvi nyingi". Inawezekana mzee mwenyewe akaisema kwa mapenzi, na hilo ni jambo jema kwake. Lakini haifai jamaa wala daktari kuijengea hukumu. Katika Sheria, damu ya mzee wa miaka tisini na damu ya kijana wa miaka ishirini ziko sawa. Mwenye kumuua mzee kwa makusudi hulipizwa kisasi kama aliyemuua kijana, na diya haipungui kwa kuwa aliyeuawa alibakiwa na siku chache. Kwa hiyo sharti la "asidhurike" halilegezwi kwa mzee. Umri unaingia katika hesabu kwa sura moja tu: kama ni dalili ya kitabibu ya kukadiria hatari, si kama kipimo cha thamani ya mtu.

HUKUMU KWA MUJIBU WA HALI

Kutokana na yaliyotangulia, na kwa kufuata kauli ya walioruhusu, inadhihiri kuwa wazee wenye presha si hukumu moja. Wako katika hali tatu:

Hali ya kwanza: presha haijadhibitika, yaani iko 140 kwa 90 au zaidi pamoja na dawa, au inahitaji dawa za aina tatu na kuendelea, au mkojo una protini, au moyo umetanuka, au macho yameathirika, au uwezo wa kuchuja uko chini ya 60. Huyu haijuzu kutoa, hata akiridhia na akasisitiza, kwa sababu ridhaa ya mtu haihalalishi kujiangamiza. Wala haijuzu kwa daktari kumkata, wala kwa mgonjwa anayejua hali hiyo kuipokea.

Hali ya pili: presha inadhibitika lakini kuna mashaka. Mfano ni mtu ambaye hajafika miaka 50, au uwezo wake wa kuchuja uko baina ya 60 na 89, au ana unene mkubwa au sukari inayokaribia kupanda. Huyu aliye bora kwake ni kuacha, na ikiwa yupo mtoaji mwingine aliye salama zaidi, basi atangulizwe huyo. Kuzuia mafsada kunatangulia kuleta maslahi. Asipopatikana mwingine, uamuzi ni wa jopo la madaktari waaminifu kwa mtu huyo mmoja, si wa kanuni ya jumla.

Hali ya tatu: mtu aliyepita miaka 50, presha yake iko chini ya 140 kwa 90 kwa dawa ya aina moja au mbili, mkojo ni safi, moyo na macho ni salama, na figo zinachuja vizuri. Huyu inajuzu kutoa, na akikusudia radhi za Mwenyezi Mungu anatarajiwa malipo makubwa. Lakini haiwi wajibu juu yake. Mzazi hapati dhambi kwa kukataa kumpa mwanawe figo, wala ndugu hahesabiwi kuwa amekata udugu.

Na kipimo cha presha kisiwe cha mara moja hospitalini. Watu wengine presha hupanda kwa kumwona daktari tu, na wengine hushuka hospitalini ikapanda nyumbani. Kipimo cha kuvaa saa 24 ndicho kinachoondoa shaka, na shaka haijengewi hukumu pindi yakini inapatikana.

RIDHAA NA SHINIKIZO LA UKOO

Sharti la hiari ni gumu zaidi kwa wazee kuliko inavyodhaniwa. Mama akiitwa katika kikao cha ukoo, watoto wote wamemzunguka na mgonjwa yuko mbele yake, nani anaweza kusema hapana? Ridhaa ya namna hii ina haya ndani yake, na mafakihi wametahadharisha kuhusu kilichochukuliwa kwa nguvu ya haya. Kwa hiyo ni wajibu mtoaji asikilizwe peke yake, bila ya watoto wala mgonjwa kuwepo, na akisema hataki, daktari aseme tu kwamba hafai kitabibu bila ya kufafanua, ili heshima yake ibaki na udugu usivunjike.

Vilevile mzee aelezwe kwa lugha anayoifahamu kuwa hatari yake ni zaidi ya ile ya asiye na presha. Kumficha ni ghushi, na idhini iliyotolewa juu ya jambo lililofichwa haina nguvu. Na ikiwa ana deni, au ana watu wanaomtegemea kwa kazi ya nguvu, basi hayo nayo yaingie katika mazungumzo.

Ama kuuza figo, mabaraza hayo yamekataza, na Azimio la Istanbul la mwaka 2008 pia limelaani biashara hiyo. Mzee maskini mwenye presha ndiye windo jepesi la madalali, kwani hao hawampimi ili wamlinde bali wampitishe.

HALI YA NCHI ZETU

Kwa muda mrefu wagonjwa wa Tanzania walikuwa wakisafiri hadi India. Upandikizaji wa kwanza nchini ulifanyika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata mwaka 2018. Ni neema, lakini inakuja na wajibu wake.

Takwimu tulizozitaja ni za nchi ambayo mtoaji kwa kawaida ana daktari na dawa karibu naye. Pia katika utafiti ule wa 2014, baada ya miaka 15 figo zilikufa kwa takriban 75 kati ya watoaji 10,000 Wamarekani weusi, na kwa takriban 23 kati ya 10,000 weupe. Haisihi kuzichukua nambari za huko na kuzibandika kwa mkulima wa kijijini bila ya tahadhari. Mzee anayekaa mbali na zahanati, anayemeza dawa ya presha akiipata na kuiacha fedha zikiisha, presha yake haihesabiki kuwa imedhibitiwa hata kama siku ya kipimo ilikuwa nzuri. Huyo yuko katika hali ya pili, kama si ya kwanza.

Na kwa kuwa figo yake imemfaa mgonjwa, ni haki na wema kwamba jamaa walionufaika wabebe gharama za mtoaji: dawa zake za kila mwezi, na vipimo vya presha, damu na mkojo kila mwaka kwa maisha yake yote. Hii si bei ya figo. Ni kumwondolea mtu mwema madhara. Mtoaji naye ajiepushe na kumeza ovyo dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, apunguze chumvi, na kabla ya Ramadhani amuulize daktari wake kuhusu saumu na wakati wa kumeza dawa. Akiambiwa kufunga kutamdhuru, basi ruhusa ya mgonjwa ni yake.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, tumeona kuwa presha peke yake haimharamishii mzee kutoa figo, na uzee peke yake haumhalalishii. Kinachohukumu ni ukubwa wa madhara yanayotarajiwa kwa mtu huyo mwenyewe, na ukweli wa ridhaa yake. Kabla ya kukubali, mzee na jamaa zake wawaulize madaktari masuali haya: Presha yangu kwa saa 24 ni ngapi? Figo zangu zinachuja kiasi gani leo, na zitabakiza kiasi gani? Mkojo wangu una protini? Moyo na macho yangu yamepimwa? Yupo mtoaji mwingine aliye salama kuliko mimi? Nani atanifuatilia mwaka wa tano na wa kumi, na kwa gharama ya nani? Wakipata majibu yake, wayapeleke kwa mwanachuoni wanayemwamini ili awape hukumu ya hali yao.

Majibu yakiwa mazuri, basi atoe kwa moyo mkunjufu na amtegemee Mola wake. Yakiwa mabaya, asijione kuwa amemnyima mwanawe uhai. Aliyekatazwa na Sheria kutoa hana lawama, na nia yake haipotei mbele ya Mwenyezi Mungu. Dua yake, uuguzi wake na subira yake kando ya kitanda cha mgonjwa navyo ni msaada.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.